Bingwa Aliyerudi Skuli

Tarehe 21 Julai 1952, katika uwanja wa Helsinki nchini Finland, wanaume wanne walimaliza fainali ya mita 100 ya Michezo ya Olimpiki kwa muda ambao saa za mkono za waamuzi ziliuandika sawasawa: sekunde 10.4. Ilibidi picha ya mstari wa mwisho ichunguzwe ndipo mshindi ajulikane. Picha hiyo ilimpa medali ya dhahabu Lindy Remigino, kijana wa Kimarekani wa miaka 21, mwanafunzi wa Manhattan College ya New York, ambaye hakuhesabiwa miongoni mwa waliotazamiwa kushinda. Wa pili alikuwa Herbert McKenley, mwenye umri wa miaka 30, mtoto wa kisiwa cha Jamaica. Mitambo ya umeme, ambayo siku hizo haikuwa na kauli ya mwisho, iliwatenga kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde.

Historia ya riadha huwataja watu hawa wawili kwa sababu ya picha ile. Sisi katika makala hii tunawataja kwa sababu ya jambo walilolifanya baadaye, ambalo halikupata mpiga picha. Remigino alirudi Hartford, mji aliokulia katika jimbo la Connecticut, akafundisha riadha kwa miaka 43 katika Hartford Public High School, skuli ile ile aliyoisoma. McKenley alirudi Kingston, akawa mwalimu wa wakimbiaji katika Calabar High School, skuli ile ile iliyomlea. Wote wawili walipata sifa wakiwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Wote wawili walisimama jukwaani mbele ya dunia. Na wote wawili waliona kwamba mahali panapostahili sehemu kubwa ya maisha yao ni katika kiwanja cha skuli, saa za alasiri, baina ya watoto ambao hakuna aliyewajua majina.

Tungeweza kuandika kwa urefu habari za Remigino, kwani naye ana mengi. Lakini sisi ni watu wa visiwa, na maisha ya McKenley yanatuhusu kwa ukaribu zaidi. Jamaica ni kisiwa kama vyetu, kilitawaliwa na Waingereza kama tulivyotawaliwa, na watu wake wengi ni wajukuu wa Waafrika waliopakiwa majahazini kwa minyororo. Ni nchi ya watu wasiozidi milioni tatu. Hata hivyo, nchi hiyo ndogo imekuwa ikizisumbua dola kubwa katika mbio fupi tangu mwaka 1948. Si muujiza, wala si siri ya damu kama baadhi ya watu wanavyopenda kusema. Ni kazi iliyofanywa na watu wanaojulikana, mahali panapojulikana, kwa miaka mingi. Mmoja wa watu hao ni huyu.

McKenley alizaliwa tarehe 10 Julai 1922 huko Pleasant Valley, katika wilaya ya Clarendon. Alipelekwa Kingston kusoma Calabar, skuli ya wavulana iliyoanzishwa na Wabaptisti mwaka 1912. Jina la skuli hiyo limetoka Afrika: Calabar ni mji wa bandari wa Nigeria, ambako maelfu ya watumwa walisafirishwa kwenda ng'ambo. Hivyo mtoto wa Jamaica alivaa kifuani jina la gati ambalo huenda babu yake aliondokea, na katika jina hilo akajifunza kusoma, kuandika na kukimbia.

Skuli za Jamaica zilikuwa tayari na mila ya kushindana. Mashindano ya riadha ya skuli za sekondari za wavulana yalianza mwaka 1910, na tangu hapo yamekuwa sikukuu ya kisiwa kizima. Mwaka 1911 mwanafunzi mmoja aitwaye Norman Manley alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 katika mashindano hayo, na rekodi yake ikadumu kwa miaka 41. Manley huyo baadaye akawa mwanasheria mashuhuri na Waziri Mkuu wa kisiwa kabla ya uhuru. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba mtoto mwenye mbio hana akili, na kwamba mwalimu anayempeleka mtoto kiwanjani anamnyang'anya kitabu.

Mwaka 1942, dunia ikiwa vitani, McKenley alivuka bahari kwenda Boston College, na baadaye akahamia Chuo Kikuu cha Illinois. Alikuwa miongoni mwa vijana wa mwanzo wa Jamaica kusomeshwa Marekani kwa ajili ya kipaji cha mbio. Huko Illinois alikutana na mwalimu Leo Johnson, na akiwa chini yake akatwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani katika yadi 220 na yadi 440 kwa miaka miwili mfululizo, 1946 na 1947. Mwaka 1946 aliweka rekodi ya dunia ya yadi 440 kwa sekunde 46.2, mwaka 1948 akaipunguza hadi sekunde 46.0, na tarehe 2 Julai mwaka huo huo, mjini Milwaukee, akakimbia mita 400 kwa sekunde 45.9. Hakuna mwanadamu aliyepata kuandikwa kabla yake kuwa ameukimbia mwendo huo chini ya sekunde 46.

Kwa hiyo alipofika London kwa Michezo ya Olimpiki ya 1948, watu walidhani dhahabu ya mita 400 imekwisha kuandikwa jina lake. McKenley alikuwa na desturi ya kuondoka kwa kishindo na kuutumia mwili wote mapema. Aliingia katika mita mia za mwisho akiwa mbele, miguu ikaanza kuwa mizito, na mwenzake wa Jamaica, Arthur Wint, mrefu mwenye hatua pana, akamfikia na kumpita. Wint alipata sekunde 46.2, McKenley 46.4. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Jamaica katika Olimpiki, na bingwa wa rekodi ya dunia akatoka na fedha. Katika mita 200 alishika nafasi ya nne. Katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne, Wint alikamatwa na mshipa katika zamu yake akaanguka, na Jamaica haikumaliza.

Miaka minne baadaye wakakutana tena Helsinki. Tumekwisha kusimulia habari za mita 100. Siku nne baada ya picha ile, McKenley alikimbia fainali ya mita 400, akapata sekunde 45.9, muda ule ule aliopewa mshindi, George Rhoden, naye pia Mjamaica. Kwa mara ya tatu katika maisha yake alikuwa wa pili. Ndiye mwanamume pekee aliyepata kufika fainali za Olimpiki za mita 100, mita 200 na mita 400, na katika zote hakupata dhahabu hata moja.

Ikabaki siku ya tarehe 27 Julai, siku ya vijiti. Jamaica iliwapanga Wint, Les Laing, McKenley na Rhoden. Laing alipomkabidhi McKenley kijiti, Mmarekani Charles Moore, bingwa wa Olimpiki wa mita 400 za viunzi, alikuwa amekwisha kutangulia kwa zaidi ya mita kumi. Wajuzi wa riadha wanajua kwamba pengo la namna hiyo, mbele ya mtu wa kiwango cha Moore, kwa kawaida halizibiki. McKenley aliliziba. Alikimbia zamu yake kwa sekunde 44.6 na kumpa Rhoden kijiti akiwa mbele kwa hatua chache. Rhoden akamzuia Mal Whitfield, bingwa wa mita 800, hadi mstarini. Jamaica: dakika 3 na sekunde 3.9. Marekani: dakika 3 na sekunde 4.0. Rekodi ya dunia iliyokuwapo tangu 1932 ilipunguzwa kwa zaidi ya sekunde nne. Mtu aliyekuwa wa pili mara tatu akapata dhahabu pale alipokimbia kwa ajili ya wenzake.

Ndugu msomaji, hapa ndipo magazeti mengi humalizia habari ya mwanariadha. Hapa ndipo sisi tunapoanza. Swali kubwa kwa kila nchi inayotaka kuendelea katika michezo ni hili: bingwa akishavua viatu vyake vya miiba, elimu iliyo kichwani mwake inakwenda wapi? Je, inakufa naye, au inahamia kwa mtoto wa miaka kumi na miwili?

Washindi wanne wa Helsinki walijibu swali hili kila mmoja kwa njia yake. Wint akawa daktari, na baadaye Balozi wa Jamaica nchini Uingereza. Rhoden alifanya maisha yake Marekani. Hakuna wa kuwalaumu. Nchi inahitaji madaktari na mabalozi. McKenley alichagua ualimu wa mbio. Alikuwa mwalimu wa timu ya taifa kuanzia mwaka 1954 hadi 1973, akaongoza pia chama cha riadha cha nchi yake, na kwa miongo mingi alikuwa akionekana Calabar akiwafundisha wavulana. Kwa mtu aliyepata kuwa na rekodi za dunia, kufundisha timu ya taifa ni heshima inayoeleweka. Kurudi kila alasiri kumfundisha mtoto wa kidato cha kwanza namna ya kuinua goti ni jambo jingine kabisa, na ndilo lililojenga nchi.

Wengi hawajui kazi ya mwalimu wa riadha wa skuli ni nini hasa. Hudhani ni kupiga filimbi na kushika saa. Mwalimu wa chuo kikuu hupokea kijana aliyekwisha kukomaa, aliyechujwa miongoni mwa mamia. Mwalimu wa timu ya taifa hupokea waliochujwa mara ya pili. Mwalimu wa skuli hupokea watoto wote kama walivyo: mwembamba na mnene, mwenye haya na mtundu, aliyekula asubuhi na asiyekula. Ni lazima awe na jicho la kutambua kwamba yule mvulana anayekuwa wa sita leo, ambaye mifupa yake bado inarefuka, ndiye atakayekuwa wa kwanza baada ya miaka mitatu, na kwamba huyu anayeshinda leo anashinda kwa sababu amebaleghe kabla ya wenzake. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo atamtupa wa kwanza na kumchosha wa pili.

Hatari hii si ya kubuni. Katika Jamaica yenyewe, ambako mashindano ya skuli hujaza uwanja wa taifa na fahari ya skuli iko katika idadi ya alama, kumekuwa na malalamiko ya miaka mingi kwamba baadhi ya vijana hukimbizwa mbio nyingi mno katika siku chache ili skuli ipate kombe, kisha wakifika umri wa utu uzima miguu yao imekwisha. Samaki hukunjwa angali mbichi, ni kweli. Lakini akikunjwa kwa pupa huvunjika. Ndiyo maana mwalimu wa skuli anahitaji elimu kubwa zaidi, wala si ndogo zaidi, kuliko mwalimu wa watu wazima. Mtu aliyejifunza kwa uchungu katika mita mia za mwisho za London maana ya kutumia nguvu zote mapema ana jambo la kumwambia mtoto ambalo halipatikani kitabuni.

Kazi ya pili ya mwalimu wa skuli ni kuwa daraja. McKenley alikuwa amepita njia ya Boston na Illinois, na aliwajua watu wa huko. Kwa wakati ule kisiwa hakikuwa na mahali pa kumpeleka kijana aliyemaliza sekondari akiwa na mbio lakini hana fedha za ada. McKenley alisaidia vijana wengi kupata nafasi za masomo katika vyuo vya Marekani. Hivyo miguu ikawa nauli ya elimu. Waliorudi walirudi na shahada, na baadhi yao walirudi na jambo kubwa zaidi, nalo ni ujuzi wa kufundisha.

Miongoni mwao ni Dennis Johnson, aliyesoma Calabar, akaenda San Jose nchini Marekani kwa mwalimu mashuhuri Bud Winter, na mwaka 1961 akaifikia rekodi ya dunia ya yadi 100 kwa sekunde 9.3. Aliporudi nyumbani alianzisha mafunzo ya riadha katika chuo cha ufundi cha Kingston, ambacho siku hizi ni chuo kikuu, ili kijana wa Jamaica aweze kusoma na kukimbia pasipo kuihama nchi. Katika chuo hicho hicho ndiko klabu ya mwalimu Stephen Francis, iliyoanzishwa 1999, ilikomlea Asafa Powell na Shelly-Ann Fraser. Nayo Serikali ya Jamaica, kwa msaada wa Cuba, ilifungua mwaka 1980 chuo cha kufundisha walimu wa michezo karibu na Spanish Town, kikapewa jina la G. C. Foster, mkimbiaji wa zamani aliyesafiri hadi London mwaka 1908 kutaka kushiriki Olimpiki, akakataliwa kwa kuwa kisiwa chake hakikuwa mwanachama, na ambaye baadaye naye alifundisha riadha katika skuli.

Tuutazame mnyororo huo kwa makini. Foster alifundisha skuli. McKenley alifundisha skuli. Pablo McNeil, aliyekimbilia Jamaica katika Olimpiki ya Tokyo ya 1964, alifundisha skuli ya William Knibb, kijijini, mbali na mji mkuu. Na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa kijana mrefu aliyependa kriketi, jina lake Usain Bolt. Mwaka 2002, akiwa na miaka 15, Bolt alishinda ubingwa wa dunia wa vijana wa mita 200 mbele ya watu wake mjini Kingston. Mwaka 2008 huko Beijing alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.69 na mita 200 kwa sekunde 19.30. Dunia ilistaajabu. Waliokuwa wakizifuatilia skuli za Jamaica kwa miaka mia moja hawakuwa na sababu ya kustaajabu sana.

Na sisi je? Uwanja ule ule wa Kingston una ukurasa wetu. Tarehe 17 Mei 1975 Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia maili moja hapo kwa dakika 3 na sekunde 51.0, akaivunja rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun iliyodumu tangu 1967. Mwaka mmoja kabla yake, huko Christchurch, alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1980 mjini Moscow yeye alipata medali ya fedha ya mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, akapata fedha ya mita 5000. Hadi Michezo ya Paris ya 2024 ilipomalizika, hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata.

Itakumbukwa kwamba mabingwa hawa nao hawakukaa na medali zao sebuleni. Nyambui aliingia katika ualimu na uongozi wa riadha. Bayi alijenga skuli huko Kibaha, ambako masomo na michezo vinakwenda pamoja. Kwa hiyo mfano wa bingwa kurudi skuli si mgeni kwetu, wala hatuna haja ya kuuagiza kwa meli. Pungufu letu ni kwamba mfano huo umetegemea sana moyo wa mtu mmoja mmoja. Jamaica ilianza na moyo wa mtu mmoja mmoja vilevile. Kisha ikaujengea chuo, ratiba, mashindano na mshahara, hata mtu mmoja anapofariki kazi haifariki.

Pengine yuko atakayesema kwamba sisi hatuna mabingwa wa Olimpiki wa kutosha kuwagawa kila skuli. Jibu liko karibu nasi, katika milima ya Kenya. Mwaka 1976 Mwairishi mmoja, Bruda Colm O'Connell, alifika katika skuli ya St. Patrick's ya Iten kufundisha jiografia. Hakuwa mwanariadha. Alijifunza kazi ya ukocha kwa kuwatazama vijana wake na kuandika aliyoyaona. Kutoka skuli hiyo alitoka Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 1988. Na mwalimu huyo huyo ndiye aliyemfundisha David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012. Basi ubingwa ni sifa njema kwa mwalimu, lakini jambo lisiloweza kukosekana ni kudumu. O'Connell alidumu. McKenley alidumu. Remigino alidumu miaka 43, na skuli yake ikatwaa ubingwa wa jimbo mara 31.

Kudumu hakuji kwa maneno matupu, na hapa tunapenda kuwaelekea waheshimiwa wenye dhamana ya elimu na michezo. Mwaka 1964 visiwa hivi vilitangaza elimu bila malipo, kwa imani kwamba kipaji cha mtoto wa mkulima na mvuvi kina haki sawa na cha mtoto wa tajiri. Imani hiyo haikuishia katika hesabu na lugha. Kipaji cha miguu nacho ni kipaji, na mtoto wa Micheweni au Makunduchi ana haki ya kukigundua mapema, akiwa chini ya jicho la mtu anayejua.

Yako mambo machache ambayo, kwa maoni yetu, yanawezekana pasipo kungoja misaada mikubwa. La kwanza ni cheo. Mwalimu wa michezo aajiriwe akiwa mwalimu wa michezo, apandishwe daraja kwa kazi hiyo, na isiwe ni mwalimu wa somo jingine aliyeangukiwa na mipira kwa kuwa ni kijana. Mahali ambapo kazi haina cheo, mtu hodari huiacha mara apatapo nyingine, na kila anapoondoka watoto huanza upya.

La pili ni wakati. Vipindi vya michezo vilivyoandikwa katika ratiba vitumike kwa michezo, hata mitihani inapokaribia. Mwalimu mkuu anayevichukua vipindi hivyo kwa masomo ya ziada hufanya hivyo kwa nia njema, lakini huondoa kitu ambacho mtoto hatakipata tena akishavuka umri wake.

La tatu ni kiwanja. Kwa miongo mingi watoto wa Jamaica wamejifunza mbio juu ya nyasi zilizochorwa mistari kwa chokaa. Mpira wa sakafu ya kisasa ni jambo jema kwa mashindano, ila mazoezi ya kila siku ya mtoto yanataka ardhi iliyosawazishwa, iliyo salama, ambayo haitageuzwa viwanja vya nyumba. Tunasisitiza hili la mwisho. Kiwanja cha skuli kikishamegwa hakirudi, na hakuna bajeti ya miaka ya mbele itakayokinunua.

La nne ni wasichana. Katika Jamaica mashindano ya skuli za wasichana yalianza mwaka 1957, karibu nusu karne baada ya yale ya wavulana, na hayakuunganishwa hadi 1999. Tangu hapo wanawake wa nchi hiyo wameiletea heshima isiyopungua ya wanaume. Kila mwaka tunaochelewa kuwapatia wasichana wetu walimu wa kike, mavazi ya staha yanayofaa mbio na saa salama za mazoezi, tunajipunguzia nusu ya nguvu yetu kwa mikono yetu wenyewe.

La tano, na kubwa, ni uaminifu kwa mtoto. Wengi wa watakaokimbia hawatapata medali. Mwalimu anayemwahidi kila mwenye mbio safari ya ng'ambo anamdanganya, na mzazi anayemtoa mwanawe darasani kwa tamaa ya utajiri wa miguu anacheza kamari kwa maisha ya mwingine. McKenley alikwenda chuoni akasoma. Wint alikimbia akawa daktari. Manley alikimbia akawa kiongozi. Skuli zilizowalea hazikuwataka wachague baina ya kitabu na kiwanja. Mwalimu wa riadha anayestahili jina hilo huuliza alama za darasani kabla ya kuuliza muda wa mita 200.

Tunajua kwamba fedha za umma hazitoshi kwa kila linalotamaniwa, na kwamba hospitali na visima vina madai ya mbele. Lakini mambo tuliyoyataja kwa sehemu kubwa ni ya utaratibu kuliko fedha. Cheo ni waraka. Ratiba ni usimamizi. Kiwanja ni hati. Gharama yake kubwa ni subira, kwa kuwa matunda ya mwalimu wa skuli huonekana baada ya miaka kumi, pengine ishirini, wakati aliyetia sahihi ameshastaafu na sifa inakwenda kwa mwingine.

Subira hiyo McKenley aliifahamu. Mwaka 2004 nchi yake ilimpa nishani ya juu ya heshima. Alifariki Kingston tarehe 26 Novemba 2007, akiwa na umri wa miaka 85, na hakuishi kuiona Beijing, ambako miezi tisa baadaye wakimbiaji wa kisiwa chake waliutawala uwanja. Remigino alimfuata mwaka 2018. Wanafunzi wao hawakumaliza kazi pamoja nao. Wapo wanaofundisha, na waliofundishwa na wanafunzi wao.

Leo alasiri, katika skuli fulani ya Unguja au Pemba, kuna mwalimu atakayebaki kiwanjani baada ya kengele ya mwisho, pengine kwa malipo madogo, pengine bila malipo, akiwapanga watoto mstarini. Hatumjui jina. Ni wajibu wa ofisi yenye dhamana kumjua, kumwandika katika daftari la watumishi wake muhimu, na kuhakikisha kwamba mwakani, na mwaka wa kumi kutoka sasa, bado yuko pale.